Bastola Isiyopoa

Jambo la kwanza lililomtatiza Verlene Tookes ni kwamba bastola ile haikuwa ikipoa. Asubuhi aliitoa kwenye droo, chumba kizima kimeganda kwa kiyoyozi, chuma kikamkaa kiganjani na joto la yai lililotoka kutagwa sasa hivi. Akaiweka shavuni kama mama anayempima mtoto homa. Hakukosea. Ilikuwa na joto.

"Labda jua la dirishani," alijiambia, na dirisha lile linatazama kaskazini.

Verlene alikuwa muuguzi wa majumbani, mjini Macon, Georgia. Miaka kumi na tisa alizunguka na gari lake dogo akiwaogesha wazee, akiwafunga vidonda, akiwasikiliza wakirudia habari zilezile. Halafu Januari, saa nane mchana, watu wamejaa, mwanamume mmoja alimkaba shingo kwenye maegesho ya duka la dawa kumvunja mbavu mbili na kumwacha amelala chini ya gari, yote hayo kwa ajili ya mkoba wenye kipimo cha presha na mkate uliotiwa kuku. Mbavu ziliunga. Shingo haikusahau. Kila mwanamume aliyepita nyuma yake alimfanya akose pumzi.

Ndiyo maana alikwenda kwa Harlan Stubbs, muuza silaha kwenye barabara ya Gray, akachagua bastola ndogo iliyokwisha kutumika, ya kubeba kwa siri kiunoni.

"Binamu, kama imekatwa kwa kipimo changu," alimwambia Ardith kwenye simu wiki ile ya kwanza. "Haivimbi chini ya sare. Nainama, nainuka, namgeuza mgonjwa kitandani, hakuna anayejua. Nikikaa garini hainichomi mbavu. Na kule kwenye uwanja wa shabaha nimepiga risasi hamsini, haijakwama hata moja."

"Mbona unaisifia kama mchumba?"

"Mchumba gani anakaa kimya kiunoni siku nzima?"

Wakacheka wote wawili.

Kimya chenyewe hakikudumu. Kwanza ilikuja harufu, mafuta ya nywele ya kiume na sigara, ikitoka ndani ya sare yake mwenyewe. Mgonjwa mmoja alimuuliza kwa upole kama ameanza kuvuta. Kisha Alhamisi, kwenye kituo cha mafuta, mwanamume mwenye ndevu alipomfungulia mlango, bastola ilimvuta nyonga kumwelekea mtu yule, kama mbwa anavyovuta kamba, na karibu kabisa na sikio lake sauti ikasema, "Yule."

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa ya kistaarabu, kama ya mzee wa kanisa anayekuonyesha pa kukaa. Kesho yake ilisema hivyo kwa mpeleka barua. Jumapili, mchungaji aliposhuka kusalimia waumini, ilisema, "Na yule pia."

Kilichomtia aibu baadaye, hata akashindwa kumsimulia Ardith, ni kwamba hakuitupa siku ile. Shingo yake ilikuwa imetulia. Kwa mara ya kwanza tangu Januari alipita katikati ya wanaume bila kutetemeka, na mtu aliyepata nafuu ya namna hiyo haulizi sana inatoka wapi.

Jumanne alikwenda kumwogesha Mzee Lucius Culpepper, wa miaka themanini na minne, ambaye akili yake ilikuwa ikienda na kurudi. Siku hiyo ilikuwa imekwenda.

"Sitaki maji!" Mzee alifoka, fulana imemlowa kifuani, fimbo ya kutembelea juu. "Nani kakuingiza humu, wewe mwanamke?"

"Ni mimi, Mzee wangu. Verlene. Weka fimbo chini, tumalize mguu tu."

Fimbo ilishuka ikapiga beseni, maji yakaruka, na katika mruko ule harufu ya sigara ikajaa bafuni hadi ikamwingia kooni, na ile sauti ikasema "Yule" bila haraka yoyote, ikarudia "Yule, yule, yule," na Verlene akaona mkono wa mtu umenyooka mbele yake, mkono wenye saa ya kiuguzi na glavu ya buluu, umeshika bastola iliyoelekezwa kwenye ile fulana iliyolowa, akajiuliza mkono huo ni wa nani, akajibu mwenyewe kwamba ni wake, na kidole chake kikawa kinapinda taratibu, kitamu, kama kinachokunwa mahali palipowasha kwa muda mrefu.

Mzee hakuitazama bastola. Alitazama juu ya bega la Verlene.

"Mwambie huyo bwana atoke nyumbani kwangu," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa nini amekushika mkono?"

Verlene alipiga kiwiko chake ukutani kwa nguvu zote. Mkono ukafa ganzi, bastola ikaangukia mkekani. Akaifunika kwa taulo, akaitoa risasi zote, kisha akapiga magoti akamalizia kumwosha mzee mguu huku akilia.

Kabla hajaondoka alimpigia binti wa mzee na kumweleza alichofanya: bastola, baba yake, umbali wa hatua mbili. Hakutaja sauti. Alimeza matusi yote ya binti yule, maana aliyastahili. Jioni ile kampuni iliyomwajiri ikamsimamisha kazi.

Asubuhi alikuwa mbele ya kaunta ya Stubbs.

"Imerudishwa mara ngapi?"

Stubbs alianza kufuta kioo kilichokuwa safi. "Dada, ni bastola nzuri sana."

"Sikukuuliza uzuri."

"Mara nne," alisema mwishowe. "Polisi mstaafu alikaa nayo siku kumi na moja. Karani wa benki, mwezi. Wote waliisifia, nyepesi, haikwami, inakaa vizuri mwilini. Wote walirudi hawataki hata kuingia nayo ndani, wameiacha kwenye kibaraza. Yule wa mwanzo ndiye sijui habari zake. Ililetwa na ndugu zake, baada ya mazishi."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba ina mtu?" Akashusha sauti. "Iache hapa. Chagua nyingine yoyote."

Verlene alikuwa ameshaifungua zipu ya mkoba. Akaifunga tena.

"Nikikuachia utamuuzia wa sita," alisema. "Mimi ndiye wa mwisho."

Mama Zilpha Gadsden aliishi nje ya mji, njia ya Milledgeville. Kanisani aliketi benchi la mbele na kofia nyeupe, lakini nusu ya kaunti ilijua kwamba ukiingiliwa na kitu unakwenda kwake. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma kiwandani miaka thelathini, na karakana yake bado ilikuwa nyuma ya nyumba.

"Watu wananiletea mizizi nichemshe," alisema, akiizungushia bastola duara la chumvi juu ya meza ya chuma. Ilikuwa saa sita kamili, jua limesimama utosini. "Mizizi ni ya tumbo na mapenzi. Aliyejificha ndani ya chuma anatolewa kwa moto. Ila mimi sitamfukuza, mwanangu. Mimi nakata tu. Wewe ndiye uliyemkaribisha."

Akashusha kinyago cha kuchomelea usoni, akawasha moto wa gesi. Moto ulipogusa mtutu, chuma kililia, na wala haikuwa sauti ya chuma. Na nyuma ya shingo ya Verlene pakaja mkono, mkono uleule wa Januari, wenye jasho, pamoja na pumzi ya bia, ukamkaba hadi macho yakamwingia giza, na ile sauti ya kistaarabu ikaanza kuongea upesi upesi, ikisema nani atakulinda, nani, wapo wengi nyuma yako, wapo wengi kuliko unavyojua, mwambie bibi azime, mwambie sasa hivi, bila mimi utarudi kuwa yule wa chini ya gari anayelia na mdomo umejaa mchanga.

"Usigeuke!" Mama Zilpha alipiga kelele ndani ya kinyago. "Msemeshe!"

"Ndiyo, nililia!" Verlene alisema, kila neno likikwaruza koo. "Nililia, nikavunjika, nikaogopa. Na mbavu zilipounga nilikwenda kazini! Nikiwa na woga wangu niliwaosha watu kumi na wanne na sikumwelekezea hata mmoja mtutu. Sikuhitaji unilinde. Toka! Woga ni wangu, nitaubeba mwenyewe!"

Mtutu ukaanguka sakafuni, halafu kipande cha pili, halafu cha tatu. Mkono ukalegea shingoni. Mama Zilpha alizima moto, akainua kinyago. Jasho lilikuwa linamchuruzika.

"Ameondoka?" Verlene alinong'ona.

Mama Zilpha aligusa kipande kimoja kwa kidole kitupu, muda huohuo, kabla hata hakijaacha kuwa chekundu. Kilikuwa baridi kama barafu.

"Humu ametoka," alisema.

Wiki sita baadaye kampuni ilimrudisha Verlene kazini, kwa masharti na kwa wagonjwa wengine. Asubuhi ya kwanza shingo ilimkaza, akaingia garini hivyohivyo. Akawasha, akafunga mkanda.

Gari likaanza kulia. Taa nyekundu ikawaka, ile ya mkanda wa abiria. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, hakina hata bahasha, lakini katikati kitambaa kilikuwa kimebonyea, na hewa ikanuka mafuta ya nywele.

Verlene alikitazama kiti kile. Kisha akajinyoosha, akauvuta mkanda wa abiria, akaupitisha juu ya kiti kile kitupu na kuuchomeka, tak. Kelele zikakoma.

"Chuma huna tena," alisema, akirudisha gari nyuma taratibu. "Kaa hapo utazame watu wanavyooshwa. Leo tunao saba."