Kiti cha Nyuma Kushoto

Mkono wa Kipunguzi ulishuka kutoka darini, ukasimama juu ya boneti ya shangingi jeupe, ukaanza kulisoma. Haukugusa kitu. Ulipitisha mwanga mwembamba wa zambarau juu ya bati, taratibu, kutoka taa ya kulia hadi taa ya kushoto, na kila ulipopita mwanga huo, ukuta wa karakana ulionyesha uzito wa kipande kile na kazi yake. Kisha boneti ikang'oka kimya, kama ganda la yai lililochemka vizuri. Mahali pake pakashuka boneti nyingine, iliyofumwa kwa nyuzi za katani zilizooteshewa kaboni, nyepesi kiasi kwamba upepo wa feni uliitikisa kabla haijafungwa.

Mkono ukaibeba boneti ya zamani hadi kwenye nyasi za nje, ukaiweka chini kwa adabu mbele ya mwenye gari.

"Cha zamani hiki hapa," Kipunguzi kikasema. "Kagua."

Mzee Yeremia Chilongani akainama, akaigonga boneti kwa kidole, akaitika kwa kichwa. Maneno hayo yalikuwa yake. Maisha yake yote hakuwahi kumwamini fundi asiyemrudishia kipuri kilichotolewa, maana fundi wa namna hiyo, alisema, huenda hakubadilisha chochote. Binti yake Perusi alipounda Kipunguzi alikumbuka jambo hilo, akaifundisha mashine heshima ya mafundi wa zamani: kila kinachotoka kirudishwe mkononi mwa mwenyewe.

Perusi alikuwa mhandisi wa akili unde, na Kipunguzi ndicho kilichompa jina. Mashine nyingine zilikuwa zikipunguza uzito wa gari kwa kubahatisha. Ya kwake ilikuwa inauliza. Kwa kila kipande iliuliza swali moja tu: hiki kina kazi gani? Jibu lililokubalika ni moja kati ya matatu: kinalisogeza gari, kinalisimamisha, au kinalikatisha kona. Kisichofanya lolote katika hayo kilitoka.

Mwanzoni wateja walikuwa wanalia. Mtu analeta gari la marehemu kaka yake, anaapa kwamba anataka mwendo, halafu mkono ukishuka kwenye kiti anasema hapana, hicho kiache. Magari yakawa yanatoka mazito yale yale. Ndipo Perusi akaandika kile alichokiita kufuli la huruma. Mwenye gari na mhandisi wakishaweka vidole gumba na kutaja uzito unaotakiwa, Kipunguzi hakisikilizi ombi la mtu yeyote hadi uzito huo ufikiwe. Hata umeme ukikatwa kinaendelea kwa akiba yake, ili gari la mtu lisibaki utumbo nje. Kwa kufuli hilo alipewa tuzo, akapigiwa makofi, akapigwa picha.

Sasa mbele yake lilikuwa shangingi la baba yake.

Kwa miaka mingi Mzee Chilongani alikuwa dereva wa serikali. Alimwendesha Mheshimiwa mmoja kati ya Dodoma na Dar es Salaam katika shangingi hilo hilo, lenye viti vya ngozi, kifriji katikati na kijiti cha kibendera puani. Siku serikali ilipoyauza mashangingi yote kwa mnada, yeye alilinunua la kwake, akaliegesha uani kwake Chang'ombe, Dodoma, akawa analiosha kila Jumapili baada ya ibada. Kuliendesha hakuruhusiwa. Barabara zote zilikuwa za vijiendeshi, magari yasiyo na usukani yanayozungumza yenyewe kwa yenyewe, na mkono wa binadamu barabarani ulikuwa kosa kama moto ndani ya ghala la pamba.

Palibaki mahali pamoja tu ambapo mtu aliweza kushika usukani kwa ruhusa: Kitanzi cha Nzuguni, njia ya mbio iliyoning'inizwa kwa nyaya juu ya mashamba ya zabibu. Kitanzi hakikubali chombo kinachozidi tani moja pamoja na kilichomo ndani. Na sheria mpya ilikuwa imeshapita. Jumamosi ile ingekuwa ya mwisho. Kuanzia Jumapili, hata Kitanzini, mikono ya watu marufuku.

"Mzunguko mmoja tu," Mzee alikuwa amemwambia binti yake. "Nizunguke mara moja nikiwa mimi, halafu walichukue wapeleke wanakotaka."

Shangingi lilikuwa na tani mbili na nusu, na ushee. Ndiyo maana wakaweka vidole gumba, wakataja tani moja.

Kazi ilianza kwa furaha. Ili Kipunguzi kijue dereva anahitaji nini, kilimweka Mzee kwenye kinasa-mwendo, kiti kilichofungwa juu ya magurudumu yanayozunguka papo hapo, huku barabara ya kuigiza ikipita mbele ya macho yake. Kiti hicho kilikuwa kinanasa kila kitu: jinsi anavyoshika usukani, anavyotazama kioo, uzito wa mguu wake kwenye pedali. Perusi alimweleza kwamba lengo ni gari limkae kama kaunda suti iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Mzee akakaa humo siku nyingi. Akakiendesha kinasa-mwendo kupita Gairo, kupita Mikese, huku akikisimulia kama anayemfundisha kijana wa kazi.

Alikifundisha siri yake kubwa. Mheshimiwa alikuwa na desturi ya kulala safarini, kwenye kiti cha nyuma kushoto, kichwa kikiwa kimeegemea kioo. Madereva wengine waliwaamsha wakubwa wao kwenye kila tuta. Chilongani alikuwa anagusa breki mara mbili.

"Mguso wa kwanza ni wa kuibembeleza shingo," alikieleza. "Shingo inajua kuna jambo linakuja. Wa pili ndio wa kusimamisha gari. Mkubwa wangu alifika Chalinze hajageuka hata ubavu."

Kipunguzi kikauliza kama mguso wa kwanza unasimamisha gari. Mzee akasema hausimamishi, lakini bila huo wewe si dereva, ni mchukuzi wa magunia. Kipunguzi kikainasa miguso yote miwili. Perusi alicheka siku ile.

Vitu vikaendelea kutoka. Kifriji, mazulia, milango yote minne, vioo, redio, kiyoyozi, injini kubwa ya mafuta iliyobadilishwa na mota mbili zinazoenea kwenye kikapu. Kijiti cha kibendera Mzee alikitetea. Alisema kinamsaidia kujua pua ya gari iko wapi kwenye kona, na kwa kuwa hilo linahusu kona, mashine ikakiacha. Alipotembea kurudi kwenye kiti chake alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Kiti cha nyuma kushoto hakuweza kukitetea. Alisema Mheshimiwa hukaa hapo. Kipunguzi kikauliza kama Mheshimiwa atakuwepo kwenye mbio. Mheshimiwa alikuwa amezikwa zamani. Mkono ukaking'oa kiti, ukakileta nyasini na ngozi yake yenye mikunjo, ukasema, kagua. Mzee alikipangusa vumbi kwa leso lakini hakukikalia. Hakuwahi kukikalia.

Nyumbani, mkewe, Mama Perusi, alikuwa amempunguzia ugali hadi nusu tangu kazi ianze, kwa sababu kilo za dereva nazo zilihesabiwa.

"Baba Perusi," alimwambia, "hicho kitambi ulikipata kwa kukaa na hutakitoa kwa kusali. Achia hiyo nyama." Kisha, alipomwona ameachia kweli, akamrudishia kipande kimoja. "Kula. Siku ukipeperuka mimi sikukimbilii."

Jumamosi asubuhi walifika wote Nzuguni. Karakana ya Kipunguzi ilikuwa pembeni ya lango la Kitanzi, na nyasini vilikuwa vimepangwa vitu vyote vilivyotoka, kana kwamba nyumba ya mtu imetolewa nje. Mzee alivaa kaunda suti ya kijivu aliyokuwa akivaa kazini. Ilimpwaya. Alivua viatu, mkanda na saa, akampa mkewe, kisha akaingia garini kupitia mahali ulipokuwa mlango. Gari lilikuwa limebaki mifupa, magurudumu, usukani, kiti kimoja, taa moja nyekundu ya breki ambayo kanuni ilitaka iwepo nyuma, na kile kijiti puani. Lilikuwa limesimama juu ya mzani.

Namba ikatokea ukutani. Ilizidi tani moja kwa kiasi kinachokaribia uzito wa mtu mmoja.

Perusi aliitazama namba, kisha akamtazama baba yake. Alijua mashine yake inavyofikiri. Alikimbilia kabati la umeme, akavuta swichi. Taa za karakana zikazimika na mikono ya Kipunguzi ikabaki imewaka, kwa akiba, kama alivyoiagiza mwenyewe.

"Dereva ana kazi gani?" Kipunguzi kikauliza.

"Anaendesha," Perusi akasema. "Analisogeza, analisimamisha, analikatisha kona. Yote matatu."

"Mwendo wake ninao. Mikono yake ninayo na mguu wake ninao, kutoka kwenye kinasa-mwendo. Havina uzito. Ana kazi gani nyingine?"

Akatafuta. Alikuwa msichana aliyezoea kushinda mijadala, tangu chuoni, lakini kila jibu alilolishika alijua kwamba yeye mwenyewe alishaliziba. Akasema gari hili limetengenezwa kwa ajili yake. Akasema ameacha kula kwa ajili ya leo.

"Ni baba yangu," akasema mwisho.

"Hilo halisogezi gari. Halilisimamishi. Halilikatishi kona."

Mzee alikuwa amesikia yote. Alikaa wima, mikono miwili kwenye usukani, akitazama mbele kama dereva anayesubiri mkubwa atoke mkutanoni.

"Mwambie mimi ndiye ninayefungua mlango," alisema.

"Milango haipo, baba," Perusi akasema kwa sauti ndogo.

Mkono ukashuka. Perusi aliudandia, na mama yake akaushika upande wa pili huku viatu vya mumewe vikiwa kwapani, lakini mkono huo ulikuwa umeundwa kubeba injini. Uliwasogeza wote wawili pembeni polepole, bila kuwaumiza. Ukamwingiza Mzee vidole vyake laini chini ya makwapa na magoti, ukamwinua. Yeye hakupigana. Alichofanya ni kuachia usukani kidole kimoja kimoja. Ukambeba hadi nyasini, kati ya kifriji na redio, ukamweka juu ya kiti cha nyuma kushoto kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na nafasi.

Usukani nao ukatoka. Ukawekwa mapajani mwake.

Kwa kuwa mwenye gari mwenyewe alikuwa amekuwa mmoja wa vitu vilivyotoka, Kipunguzi kikamgeukia aliyebaki kati ya wenye vidole gumba.

"Cha zamani hiki hapa," kikamwambia Perusi. "Kagua."

Alimfuata mwamuzi wa mbio, mama mmoja mwenye kofia pana, akamwomba alizuie gari. Mwamuzi alimsikiliza hadi mwisho. Alisema anasikitika, kwamba yeye pia ana baba, lakini gari limesajiliwa, limepimwa, lina taa, na kanuni inataja gari, haimtaji dereva. Akamwuliza kama angependa kiti kivulini kwa ajili ya mzee. Perusi akajaribu kuingia kwenye kufuli la huruma kwa namba zake zote za siri. Kila mara ukuta ulimjibu kwamba uzito umefikiwa na kazi imekamilika, ukamshukuru kwa jina.

Shangingi likaondoka lenyewe, likapanda Kitanzini.

Lilikuwa jepesi kupita yote yaliyowahi kupanda pale. Lilitoa mlio mdogo, kama kitambaa kinachochanwa, na kijiti cha kibendera kilitetemeka puani. Watu majukwaani wakasimama. Perusi alirudi nyasini, akapiga magoti karibu na kiti. Akamshika baba yake mguu.

Gari likaikaribia kona ya kwanza, iliyokuwa juu yao kabisa. Taa nyekundu ikawaka, ikazima. Ikawaka tena.

"Umeona?" Mzee akasema. Macho yake yalikuwa yameng'aa. "Mara mbili. Mwanangu, huo mguu ni wangu."

"Ni wako, baba."

"Linaendesha kama mimi."

Mama Perusi akampa chai kwenye kifuniko cha chupa. Hakuipokea. Alikuwa anafuata gari kwa kidevu, kona baada ya kona, na kwenye kila kona taa ilikonyeza mara mbili. Jukwaani wakaanza kutangaza muda. Ulikuwa muda mzuri, ila si bora kupita yote.

Kipunguzi kilisikia muda huo. Kazi yake ya uzito ilikuwa imekwisha, lakini swali lake halikuwa limezimwa. Perusi hakuwahi kufikiria kwamba lingehitaji kuzimwa. Kikaukagua mwendo wenyewe, kipande kwa kipande, kama kilivyolikagua bati.

Mzunguko wa pili, gari lilipofika kona iliyo juu yao, taa iliwaka mara moja tu.

Perusi alihisi mguu wa baba yake umekakamaa mkononi mwake. Akamtazama. Mzee alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limesahauliwa pale usoni.

"Wameutoa wa kwanza," alisema.

"Baba..."

"Ule wa shingo. Sawa. Hakuna aliyelala mle."

Mzunguko wa tatu gari lilikuja kwa kasi ambayo hawakuwahi kuiona, likaikata kona bila taa kuwaka hata kidogo, kwa kuwa mashine ilikuwa imegundua kwamba kona ile haikuhitaji breki. Majukwaa yakalipuka. Mtangazaji akalitaja gari kwa namba yake na kusema ni muda bora kupita yote katika historia ya Kitanzi.

Mzee Chilongani aliketi kwenye kiti cha nyuma kushoto, usukani mapajani, peku. Shangingi likazunguka tena na tena, na kila lilipoikaribia ile kona Perusi aliusikia mguu wa kulia wa baba yake ukikandamiza nyasi taratibu, ukiachia, halafu ukikandamiza tena.