Chumba Ambacho Vicent Hakukichora

Haya yalimkuta rafiki yetu Stanslaus, anayepaka rangi kwenye kompyuta ramani za nyumba anazochora mwenzake Vicent, pale Mugumu. Mteja wao, mama Efrazia, alikuwa ametoka tu kusema, "Huyu Vicent kwa kuchora, aisee, hana mpinzani!" Stanslaus akaona wivu. Na rangi zake je? Alipoingiza ramani ya Vicent kwenye programu yake ya picha, akafuta jina la mchoraji pembeni, akaandika lake, akabonyeza kuchapa.

Wingu la mvua likatanda, umeme ukakatika. Gizani printa ikaendelea, krr, krr, mpaka ikatema karatasi. Akaimulika kwa simu. Pembeni, pale alipoandika jina lake, palikuwa patupu. Katikati ya nyumba iliyochorwa kulikuwa na chumba kipya, hakina mlango wala dirisha, na ndani yake jina moja: Stanslaus.