Barua Namba 212

Hivi wewe, ukifungua boksi la karatasi likanuka kaburi bichi, utakimbia au utatafuta penseli?

Odessa Tillery alitafuta penseli. Miaka ishirini na sita alikuwa akipanga nyaraka za kale katika maktaba ya mji mmoja wa mtoni kule Ohio, na kilichomtisha kazini ni kahawa ya msomaji karibu na hati, si maiti. Boksi lilikuwa la Horace Pruitt, wakili wa jiji mwaka 1911, mtu aliyezipa barua zake namba kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya 211 ilifuata 213. Katikati palikuwa na karatasi ya njano, ile ambayo anayetoa hati huiacha mahali pake baada ya kuandika jina na tarehe. Hii haikuandikwa kitu, na ilikuwa na tope.

Akaitupa. Kesho yake akaikuta palepale.

Kilichokuwa ndani ya 212 alikijua tangu utotoni. Bibi yake alimsimulia kwamba makaburi ya Weusi nyuma ya maktaba hayakuhamishwa kamwe, ingawa jiji lilidai limeyahamisha. Jiji liling'oa misalaba tu, na Pruitt akamwandikia meya kukiri hivyo. Baba wa bibi yake alizikwa pale. Jumatatu tingatinga lingeanza kuchimba papo hapo msingi wa jengo jipya, na bila barua ile hakuna hakimu ambaye angelisimamisha.

Alhamisi, saa tisa mchana, jua likiwa limejaa madirishani, penseli zilianza kukwaruza. Chumba cha wasomaji kilikuwa kitupu, meza kumi na mbili na viti vyake, na bado mkwaruzo ukapita meza hadi meza, taratibu, kama watu wengi wanaojifunza kuandika majina yao, huku harufu ya udongo ikipanda kutoka sakafuni na karatasi za njano zikichungulia kwenye kila jalada la kila rafu, tupu zote, zenye tope zote.

Mkuu wake, Warren Lindqvist, aliingia na leso puani.

"Nimempigia mchungaji," alinong'ona. "Aje atuombee."

"Wa nini? Hawa hawataki maombi, bosi. Wanataka jina."

"Odessa, dada yangu, sema polepole."

"Mimi nimesema polepole miaka ishirini na sita. Wao, zaidi ya mia."

Akavuta kiti, akaketi katikati ya mkwaruzo ule, akaiweka karatasi ya njano mezani. Aliwaambia wasioonekana kwamba haondoki, na kwamba yeye ni kitukuu cha mmoja wao. Penseli moja ikajiviringisha yenyewe meza nzima, ikaanguka, ikasimama kwenye kiatu cha Lindqvist. Kiatu kilikuwa kinazama. Sakafu ya mbao ilikuwa imelainika chini yake yeye peke yake.

"Funguo za rafu hii ziko mbili, bosi," Odessa alisema. "Yangu na yako. Andika jina lako."

Lindqvist aliiokota penseli, lakini hakuandika. Mkwaruzo ukanyamaza chumba kizima, ukimsubiri.

"Niliitoa mimi," alisema, kwa sauti. "Machi tarehe nne. Mjukuu wa Pruitt aliniambia niichome, jengo lisije likasimamishwa. Nilishindwa. Iko kwenye droo yangu, ndani ya jalada safi."