Banda Linalouma

"Banda linauma leo," mke wa seremala alisema.

Banda lenyewe lilikuwa la nailoni, lenye nguzo za chuma. Humo alikuza miche ya nyanya, na mikono yake ilisifiwa mtaa mzima. Pampu ya umeme ilinyunyiza maji. Na joto la mle ndani, we acha tu! Kila kitu kilikuwa kimelowa.

"Linauma vipi?" seremala aliuliza.

"Nikishika nguzo, napigwa shoti. Kidogo tu."

Seremala akaingia na viatu vyake vikavu vya soli nene. Akaikamata nguzo.

"Mbona mimi sisikii kitu? Labda nguzo inakuonea wivu!"

Wakacheka. Kisha mke akasema, "Mwite mdogo wangu aangalie." Mdogo wake alikuwa fundi umeme, mtaa wa pili tu.

"Aah! Waya nimevuta mwenyewe. Shemeji aje kunicheka?"

Laiti angemwita siku ile!

Siku ya tatu, mke aliingia pekupeku, akakanyaga tope. Aliposhika nguzo, mkono ukaganda. Seremala alisikia yowe. Hakumgusa, alikimbia kuzima swichi kubwa. Mungu mkubwa, mke alipona. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia viliungua, na mpaka leo havikunjiki.

Shemeji alikuja na kipimo chake. Hakucheka.

"Shemeji, waya huu ni wa ndani ya nyumba, pakavu. Hapa pana mvuke. Maji yamepenya kwenye tepu uliyounganishia, umeme ukaingia kwenye chuma."

"Lakini nilishika nguzo mwenyewe!"

"Ulivaa viatu vikavu. Dada alikuwa amelowa. Chuma kikikupiga hata kidogo, hilo ni onyo. Zima swichi kubwa, ita fundi. Dada hakukwambia?"

"Aliniambia," seremala alijibu. "Nikamcheka."

Fundi aling'oa kila kitu. Akapitisha waya mpya wa sehemu zenye maji ndani ya bomba la plastiki. Soketi akaiweka juu, mbali na maji, yenye kifuniko kisichopitisha unyevu. Nguzo akaziunga na waya wa ardhini, unaopeleka chini umeme uliovuja. Mwisho akafunga swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja.

"Ina kitufe cha kuijaribu," alisema. "Kibonyeze kila mwezi. Isipojikata, niite."

Miche ikastawi tena. Siku moja mke alisimama mlangoni, haingii.

"Limeacha kuuma?" alimuuliza mumewe.

"Limepimwa."

"Na nani?"

"Na mdogo wako. Si mimi."

Hapo ndipo alipoingia. Akachuchumaa, akaanza kupanda polepole kwa vidole vitatu. Seremala alitamani ampe vyake.

"Mke wangu, ukisikia chochote, niambie."

"Nilikwambia," mke alisema, akachukua mche mwingine.