Saa Moja na Robo, Siku ya Jumatatu

Kila asubuhi kabla ya kengele, Rahila wa darasa la sita alifagia chumba cha kompyuta cha skuli yao, mjini Wete. Jumatatu ufagio ulinasa waya wa kompyuta kubwa inayohifadhi kazi za wanafunzi wote. Taa ikazimika. Rahila akaurudisha waya haraka, taa ikawaka, naye akanyamaza.

Siku hiyo hiyo kazi zikagoma kufunguka. Insha za mashindano zilikuwa humo, na zilitakiwa Alhamisi. Hafiz, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa wa mwisho kuitumia kompyuta hiyo Ijumaa, akashukiwa na mwalimu wa kompyuta na kuzuiwa kuingia chumbani humo. Rahila alimwona amekaa peke yake barazani, akapita njia nyingine.

Jumatano akajikaza, akaingia chumbani. Mwalimu Ummkulthum alikuwa ameinamia kioo cheusi, maandishi meupe yakipita mbio.

"Mwalimu, si Hafiz. Ni mie niliyechomoa waya."

Mwalimu akageuka taratibu. "Lini, mwanangu?"

"Jumatatu, saa moja na robo."

"Kaa hapa. Kompyuta hii huandika kila linalotokea, pamoja na saa yake. Mistari ni maelfu. Tangu jana nasoma, sijui nianzie wapi. Sasa umenipa pa kuanzia."

Akaandika amri fupi: ioneshe mistari ya Jumatatu asubuhi tu, tena yenye hitilafu tu. Katika maelfu yale ikabaki minne. Mstari wa kwanza ulikuwa wa saa kumi na moja alfajiri: huduma ya kuhifadhi kazi imesimama, nafasi imejaa.

"Saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Mwalimu. Nimelala."

"Basi si waya wako." Akatafuta kilichojaza nafasi, kisha akatabasamu kwa haya. "Ni video zangu za masomo. Nimezinakili mara tatu. Wala si Hafiz."

Akafuta zilizozidi, akaiwasha huduma upya. Insha zikafunguka zote, na ya Hafiz ikiwemo.

Hafiz akaitwa. Mwalimu akamtaka radhi mbele ya darasa, na Rahila naye akamtaka radhi.

"Siku mbili nimekaa nje, Rahila," Hafiz alisema. Kisha akampa mkono.

"Mimi nilimshuku mtu kabla ya kutazama," Mwalimu aliwaambia wanafunzi. "Rahila hakuharibu kitu, lakini kimya chake kilimweka mwenzake nje. Ukikosea, au hata ukidhani umekosea, sema siku ile ile. Ukweli ukisemwa mapema, tatizo hutafutwa mahali pake, na asiye na kosa haumii."