Unataka Nini, Mama Kibonge?

Harufu ya udi ilianzia kwenye mabeseni. Ansbert aliyanusa moja moja akashangaa: stoo nzima ya duka lao la vyombo vya plastiki, pale Mtaa wa Kongo, ilinukia kama chumba cha bibi harusi, na hakuna aliyechoma kitu. Mkewe, Vicky, akamwambia ni pua zake tu. Walikuwa na furaha siku hiyo. Albamu yao ya nyimbo za kuchekesha, waliyoirekodi wenyewe humo stoo wakiwa wameegesha magodoro ukutani, ilikuwa imeshika Kariakoo. Wauza viatu waliipiga kwenye spika kutwa.

Uliopendwa zaidi ni "Mama Kibonge". Ansbert anauliza, "Unataka nini?" na Vicky anajibu kwa kudeka: nataka friji, nataka dera, nataka chipsi mayai. Watu hoi. Ansbert alikuwa mtunzi, hilo sibishi, ila uvivu ulimponza: tuni ile hakuitunga. Walipokuwa wamepanga Magomeni aliirekodi kwa simu kupitia ukutani, kwa jirani yao Bi Maimuna, fundi wa kupunga majini. Huko jini huitwa kwa wimbo wake, na akishapanda kichwani mwa mtu huulizwa anataka nini, naye lazima apewe. Ansbert aliona inachekesha.

Mchana huo mteja mmoja, fundi wa magari kutoka mtaa wa Gerezani, aliingia akiuimba. Akamnyooshea Vicky kidole kwa utani.

"Mama Kibonge, unataka nini?"

"Hicho," Vicky akasema.

Akaruka kaunta, akakidaka kidole kwa meno, damu ikatapakaa juu ya mabeseni meupe, yule fundi akipiga mayowe na kumshindilia ngumi za kichwa naye haachii, macho yamegeuka weupe mtupu, mpaka mfupa ukakatika akaumeza, na huko nje spika ikauliza tena unataka nini, akamrukia mumewe, akamkaba shingo kwa mkono mmoja na kumwinua hadi miguu ikaning'inia, yeye ambaye hata ndoo ya maji humwomba Ansbert ambebee.

Wapagazi wanne walimfunga Vicky kwa kamba za mizigo. Bi Maimuna akaletwa kwa bodaboda.

"Shikamoo, bibi," Ansbert akanong'ona.

"Marahaba. Wimbo wa wenyewe umeufanyia mchezo?"

"Nisamehe, bibi. Niokolee mke wangu."

Bi Maimuna akauimba wimbo kwa maneno yake halisi, kisha akauliza. Sauti nzito ya kiume ikatoka kinywani mwa Vicky.

"Naulizwa tangu asubuhi, mtaa mzima, na hakuna anayenipa. Nataka ulimi ulioanza kuniuliza."

Bi Maimuna akabishana naye kama ananunua kitenge. Akatoa jogoo, jini akamtemea damu jogoo huyo. Mwishowe akachinjwa mbuzi palepale uani, Vicky akautafuna ulimi wa mbuzi huyo ukiwa mbichi, akalegea.

"Leo nimekupunguzia," jini akamwambia Ansbert kabla ya kushuka. "Nikiulizwa tena, sipunguzi."

Ansbert alizunguka Kariakoo hadi Mchikichini akiwalilia wauzaji waufute wimbo. Walicheka, wakidhani ni kichekesho kipya. Muuza viatu mmoja akamrekodi.

Jioni Vicky alikaa kitandani, chumbani kwao juu ya duka, akinywa uji. Uso ulikuwa umevimba.

"Nilifanya nini, mume wangu?"

"Hukufanya kitu. Kunywa uji."

Ansbert alikuwa ameziba dirisha kwa magodoro yale yale ya kurekodia. Alimtazama akimeza, akampenda hadi machozi yakamlenga. Nyimbo zote na zipotee, abaki huyu tu.

Chini barabarani spika ikafunguliwa. Magodoro hayakusaidia kitu. Kilitangulia kilio chake mwenyewe, "Futeni jamani, nawaomba!" na vicheko vya watu. Halafu sauti yake ile changamfu: "Mama Kibonge, unataka nini?"

Vicky akatua kikombe taratibu. Chumba kikanukia udi.

"Mume wangu," ikasema sauti nzito, "panua mdomo."