Vifaranga wa Mtoni

Mwaka ule daraja la mto lilikuwa linajengwa chini ya kijiji cha Ikonge. Karibu na mto huo aliishi Bochaberi, mjane. Mtoto wake mmoja tu, Nyangate, alikuwa ameolewa huko Kenyenya, safari ya siku mbili kwa miguu. Bochaberi alipalilia wimbi peke yake. Jioni alisonga ugali wa mtu mmoja. Upweke ulimuuma kweli.

Siku moja alimwona ndege mwenye miguu mirefu kando ya shamba. Alikuwa akiburuta bawa kama limevunjika. Bochaberi akamfuata amshike. Wapi! Ndege akaruka, akaenda zake. Bochaberi aliporudi, aliona vifaranga wawili kwenye changarawe. Walilala kimya, hawakujitikisa.

"Maskini, mayatima hawa!" alisema. "Haya, twendeni nyumbani. Mtakuwa wanangu."

Akawaweka kikapuni karibu na jiko. Aliwapa wimbi, hawakula. Aliwapa uji, wakafumba macho. Nje, yule ndege alilia juu ya paa mpaka giza likaingia. Kulipokucha akaanza tena.

Asubuhi hiyo alipita Owino, fundi wa daraja, mtu wa kutoka ziwani.

"Hodi, mama!"

"Karibu, Owino. Njoo uwaone wanangu, niliowaokota jana nilipomfuata ndege aliyevunjika bawa. Hawataki kula."

Owino akachungulia kikapuni. "Lo! Hawa si mayatima, mama. Kwetu ziwani tunawajua sana. Mama yao alijifanya ameumia ili umfuate yeye, uwaache watoto. Nao hulala kimya wasionekane."

"Kumbe! Na mbona hawali?"

"Hawa hawalishwi. Wakishaanguliwa hukimbia, wakajitafutia wadudu. Mama huwalinda na kuwapa joto. Humu ndani watakufa."

"Na huyo anayelia juu ya paa? Nilidhani ananitukana."

"Anawaita watoto wake."

Bochaberi akainua kikapu. Machozi yakamlengalenga. "Najua kuita mtoto asiyeitika," alisema.

Wakawarudisha palepale, wakasimama mbali. Mama yao akashuka, akaita mara moja. Vifaranga wakainuka mbio, wakaingia chini ya mbawa zake. Miguu yao ilibaki nje.

"Tazama, sasa ana miguu sita!" Owino akacheka.

Tangu siku hiyo Bochaberi hakulima tena mpaka ukingoni mwa mto. Aliacha nyasi na changarawe kama zilivyo. Baada ya wiki kadhaa vifaranga wote wawili waliruka.

Nyumba ilibaki kimya. Bochaberi akafunga mkungu wa ndizi, akaufunga mlango, akashika njia ya Kenyenya. Siku mbili kwa miguu! Basi, miguu si anayo?